Ombi la Kumtafutia Bwana Mkubwa Nchi Nyingine ya Kutawala

Kasri la Thistlewick,
Shropshire, Uingereza.
9 Oktoba 1933

Mheshimiwa Waziri Mgawa Ugavana,

Natumaini hujambo, wewe na mama watoto. Mimi ni Hester Puddifoot, mpishi wa Lord Aubrey Thistlewick kwa miaka thelathini na mmoja. Naomba kwa heshima zote mumpatie nchi nyingine. Hata kisiwa kidogo. Hata jabali lenye ndege tu, maana ndege hawana jiko.

Sina ubaya naye. Bungeni aliingia kwa sababu kijiji kizima ni mali ya mjomba wake, akakaa miaka kumi na mmoja na kusema mara moja tu, kuomba dirisha lifungwe. Kwa busara hiyo akapewa ugavana ng'ambo. Sasa amestaafu, amerudi, na anatutawala sisi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Chai ya asubuhi anainywa na kofia yake ya ugavana, ile ya manyoya meupe, kichwani, sisi tumesimama wima. Jana unyoya uliangukia kwenye uji, akauliza nani kaidhalilisha Serikali.

2. Kila jua likizama bendera inashushwa bustanini na wote tuhudhurie. Nyama ya Jumapili imeungua mara tatu nikiwa nimeshika mwiko begani kama bunduki.

3. Hili ndilo linaloniliza. Amechukua rula na ramani ya nyumba, akapiga mstari katikati ya jiko langu. Moto uko mkoa wangu, bomba la maji liko mkoa wa Enoch Tarrant, mtunza bustani, aliyemfanya chifu wa huko. Nikitaka kuchemsha yai, niombe kibali! Enoch huyo huyo aliyekuwa akinibembeleza kwa kipande cha keki sasa ananiambia, "Tulia, mama. Chifu anakunywa chai kwanza." Chifu, na buti zile za matope! Nilimwendea Bwana Mkubwa nikilia: "Bwana, jiko hili nimelishika tangu mama yako yu hai." Akanipigapiga begani. "Hester, utanishukuru baadaye. Hata wale wa kule walilia hivi hivi."

4. La nne sina, nina hasira tu.

Basi ama aende yeye ama niende mimi, nami sina pa kwenda. Hakuna binadamu anayestahili kugawanyiwa jiko lake na mtu asiyejua hata chumvi inakaa wapi. Nasema haya kwa niaba ya wote waliowahi kupigiwa mstari, wa huku na wa kule.

Wasalimie wote ofisini, hasa yule karani aliyekuja Krismasi akaongezwa pudingi mara tatu.

Wako mtiifu, kwa sasa,
Hester Puddifoot

Baada ya kusaini: Bwana Mkubwa ameiona barua hii mezani. Wala hakukasirika. Amenivua aproni, akanivika kofia yenye manyoya mawili, na sasa mimi ni Gavana wa Jiko, bomba likiwemo. Tafadhali puuza yote ya hapo juu. Mstari sikuufuta, nimeusogeza tu hadi mlangoni, na Enoch anavua buti na kupiga saluti ndipo apate maji. Leo amekuja analia. Nimempigapiga begani, nikamwambia atanishukuru baadaye.