Nguo Kumi Zinazoelewana

Jumatatu, 9 Machi
Leo nimefungua sanduku nililokuja nalo mjini. Uvundo mtupu. Nguo zangu zimeota ukungu kama mkate uliosahaulika kabatini. Mji gani huu, fukuto mpaka kuta zinatoka jasho. Mke wa mwanangu akaziba pua, akidhani simwoni. Nimemwona.

Mjukuu wangu ni muuzaji katika duka la nguo, kwa hiyo ametoa amri. Nguo kumi, basi. Nyepesi, za pamba au kitani, na zote zielewane, sketi yoyote ikubali blauzi yoyote. Nikamuuliza kama siku hizi nguo nazo zinachumbiana. Akasema ndiyo, mke mwenza, ila zako zimeshapeana talaka. Mimi ndiye niliyemlea mpaka akaanza shule. Ule mdomo sijui kautoa wapi.

Jumamosi dukani kwao kuna onyesho la mavazi. Kila mfanyakazi amepewa kiti kimoja cha mbele kwa mtu wa nyumbani kwao. Hajasema atamkalisha nani. Sikuuliza. Mimi si mtu wa kubembeleza kiti. Lakini nakitaka.

Jumanne, 10 Machi
Nimechambua. Zimebaki kumi, ukihesabu kwa akili. Gauni na koti lake ni kitu kimoja. Za ndani hazihesabiwi, nani anaziona? Sweta ni kumbukumbu, si nguo. Zilizozidi nimezitandaza chini ya godoro la mjukuu, maana tunalala chumba kimoja.

Akapanda kitandani, akauliza mbona kimenenepa. Nikamwambia unyevu, vitu huvimba. Akazivuta zote, moja moja, akicheka. Halafu akasema hata zile kumi hazifai. Zambarau inapigana na chungwa, maua yanapigana na mistari. Nikiingia nazo dukani wateja watahitaji miwani ya jua.

Nimenuna. Uji wake nimepika, lakini nimenuna.

Jumatano, 11 Machi
Amekuja Bibi Manukato, mama yake mke wa mwanangu. Kazaliwa mji huu huu. Kavaa koti jepesi la kitani, jeupe, halina hata doa, wala tone la jasho usoni. Jasho lenyewe linamwogopa. Akaniambia kwa upole, dada, joto la huku bado halijakuzoea. Nikamwambia nalo likazane, mimi sina haraka.

Akauliza mbele ya watu wote kiti cha Jumamosi ni cha nani. Mjukuu akaangalia sakafu. Huyu mtoto ananionea haya.

Usingizi ulikataa, mpango ukaja wenyewe. Nguo zigombane kwa nini? Kwa sababu ya rangi. Basi zote zipewe rangi moja. Nani atabaki wa kugombana na mwenzake?

Alhamisi, 12 Machi
Nimenunua rangi ya kuchovya nguo, kijani kilichokoza. Muuza duka akasema nitie chumvi, nisuuze mara nyingi mpaka maji yawe meupe, kisha zikauke kabisa ndipo zivaliwe. Anaongea sana yule baba. Chumvi nimetia.

Nimesuuza mara moja. Maji ni ya kulipia.

Nguo kumi, kijani kumi, undugu mtupu. Nimezianika sebuleni, kwa kuwa nje kunanyesha. Mwanangu karudi kutoka kazini, akatafuta televisheni kwa kupapasa. Beseni la mke wa mwanangu nalo limekuwa kijani. Nimemwambia linapendeza hivyo.

Ijumaa, 13 Machi
Hazijakauka. Feni imezipuliza tangu asubuhi, hakuna kitu. Nimepiga pasi, ukatoka mvuke kama wa treni.

Jioni nikiwa bafuni nimemsikia mjukuu akimwambia mama yake kwamba kiti ni cha bibi aliyemlea, na hajawahi kufikiria mwingine. Ila anaogopa. Bosi wake ni mkali, na mabinti wa dukani wana midomo.

Nilifungulia bomba ili wasinisikie. Siyo kulia. Nilikuwa nanawa.

Nikatoka nikamwambia asiwe na wasiwasi, bibi yake yuko tayari. Akagusa gauni, akauliza mbona lina umajimaji. Nikasema kitani bora huwa hivyo.

Jumamosi, 14 Machi
Kiti kilikuwa cheupe. Mtu mwenye akili hawezi kuweka viti vyeupe mahali penye watu.

Watu walijaa, joto likajaa, nikaanza kutoka jasho. La kijani. Kwanza shingoni, kisha likateremka mikononi. Mwenye duka, yule bosi mkali, akaja kunisalimu, akaondoka na kiganja kama jani. Niliposimama, kiti kikabaki na umbo langu lote. Mabinti wakaanza kunong'onezana.

Bibi Manukato alikuwa amesimama nyuma na wateja. Akaja mbio, akavua koti lake jeupe, akanifunika mgongo. Koti likaanza kugeuka rangi tukiliangalia.

Mjukuu akaja. Nikajiandaa kuambiwa nitokee mlango wa nyuma. Akanishika mkono, wa kwake nao ukawa kijani, akawageukia wale mabinti.

"Huyu ni bibi yangu," akasema kwa sauti. "Ndiye aliyenilea. Mkitaka kucheka, chekeni, mimi nitawaongoza."

Akacheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka. Bosi amesema kiti atakisugua mwenyewe Jumatatu. Mjukuu, siyo bosi.

Jumapili, 15 Machi
Nimefikiria sana na nimegundua kosa lilipo. Kijani. Ni rangi isiyo na msimamo. Ilitakiwa nyekundu.

Bibi Manukato amekuja kuangalia koti lake. Akasema labda nyeusi. Tumebishana, tumekunywa chai, tumechanganya zote mbili. Koti limezama, nguo zangu zimezama. Yeye alitaka tusuuze tena, nikamwambia dada, huo ni woga.

Maji ya rangi yamebaki mengi, na siwezi kumwaga kitu kizima. Mjukuu amelala, kachoka. Nimetazama kabatini mwake. Mashati yake ya kazi yote ni meupe, yamejitenga, hayaelewani na mtu.

Tumeyatumbukiza. Kesho asubuhi atashukuru.