Udobi Wetu Wafufuliwa Mbele ya Kamera

Jumatatu, 4 Machi
Wamekubali! Kile kipindi cha kufufua biashara zinazokufa kinakuja kwenye udobi wetu Alhamisi. Tatizo moja dogo: udobi wetu haufi. Mke wangu anauendesha vizuri mno. Kwenye fomu niliandika kwamba tuko hoi, wateja wametukimbia, pasi zinaunguza mashati. Nilitia chumvi kidogo. Mke wangu anajua tu kwamba wanakuja kupiga picha madobi hodari.
Shemeji, kaka yake, fundi viatu wa mlango wa pili, anasema vipindi hivyo ni uongo mtupu, hata machozi ni dawa ya macho. Ajuaje? Mimi nimejiuliza miaka mitatu: wale watu hulia kweli? Na kamera zikishaondoka, inakuwaje? Sasa nitaona mwenyewe.

Jumatano, 6 Machi
Mke wangu kashinda kwa dada yake. Nafasi! Nimelegeza balbu mbili. Nimeunguza shuka kuukuu kwa pasi nikalitundika dirishani. Nimemwaga buluu ya kufulia ukutani. Nimetafuta mende, sikupata hata mmoja. Duka gani hili!
Karudi saa kumi, kauliza kulikoni. Nikasema bomba limepasuka. Kachukua kitambaa. Baada ya dakika ishirini duka liling'aa kuliko jana. Nimenuna hadi chakula cha usiku.

Alhamisi, 7 Machi
Wamefika watu tisa. Mwongozaji, mama mfupi mwenye kofia, aliangalia fomu, akaangalia duka, akaangalia tena fomu. Nikajua nimeumbuka. Wapi! Aliagiza sanduku. Ndani: vumbi lililofungwa kwenye mifuko na utando wa buibui wa kupuliza. Nusu saa tu, wamelichafua duka kuliko nilivyoota. Nimesimama kinywa wazi. Nimeuliza vumbi linatengenezwa na nini. Chokaa na kahawa iliyosagwa. Nimeandika hapa nisisahau.
Mtaalamu wao, yule wa suti, ameingia mlangoni mara nne, na kila mara ameshtuka vizuri zaidi. Kisha akaninong'oneza: swichi ya pasi iko wapi? Wateja wetu halisi wamezuiwa nje, mabunda ya nguo kichwani.
Mke wangu ameangalia vumbi, akaniangalia mimi. Hiyo ni mbaya.

Ijumaa, 8 Machi
Mwongozaji anataka tugombane. Mara ya kwanza mke wangu alisema mimi ni mvivu, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Mwongozaji hakuguswa. Mara ya pili aliongeza kwamba niliunguza gauni la bibi harusi. Ni kweli, lakini mbele za watu?
Mara ya tatu mwongozaji akamsomea fomu yangu. Yote.
Mke wangu hakutoa povu. Alikaa juu ya kapu la nguo chafu, akasema taratibu: "Miaka kumi na mmoja nimesimama kwenye pasi hii. Wewe ukaandika tumekufa?"
Mpiga picha akashusha kamera. Mimi nikalia. Machozi ya kweli, yenye makamasi! Kumbe watu hulia.
Mwongozaji akasema safi sana, ila taa ilizimika, turudie. Mke wangu akasema harudii, akatoka. Mimi nilijaribu peke yangu. Machozi hayakuja. Wakanipa kitunguu.

Jumapili, 10 Machi
Siku ya kuzindua. Nimefunguliwa kitambaa machoni: ukuta mweupe, viti vya ngozi, foleni ya wateja wakipiga makofi. Nikamuuliza mmoja nguo zake hufulia wapi. Akasema ana mashine kwake, yeye kaja kwa makofi tu. Rangi imepakwa ukuta mmoja, ule unaotazama kamera. Saa kumi jioni viti vimepakiwa garini, vikaenda zake. Vumbi wametuachia.
Nimefagia mara mbili bila kutumwa. Nimemwomba mke wangu radhi. Amesema atanifikiria akimaliza mashuka ya hoteli.

Jumamosi, 30 Machi
Kipindi kimeonyeshwa. Maneno ya mke wangu juu ya kapu hayamo. Machozi ya kitunguu yamo, tena na muziki. Shemeji amelia. Shemeji! Eti hakujua nimeteseka hivyo. Nimemwambia ni kitunguu. Amekataa katakata, akanikumbatia. Mke wangu amecheka mpaka akashika ukuta, ule ambao haukupakwa rangi. Amenisamehe. Hatujapatana hivi tangu tuoane.
Na baada ya kipindi likaja tangazo: wanatafuta wanandoa walioshindwana, wapatanishwe mbele ya kamera. Nikawaza: wale hupatana kweli?
Nimejaza fomu. Nimeandika kwamba tunalala vyumba tofauti. Kesho nahamishia mto wangu sebuleni, isije ikawa nimesema uongo.