Siri ya Kukaza Mifuniko Arobaini

3 Machi, Jumatatu

Mifuniko imefika! Arobaini, ya plastiki, myekundu, ya kuzungusha, saizi ileile ya midomo ya chupa zangu za kioo. Sasa pilipili yangu ya kusaga itaonekana bidhaa ya mtu mwenye akili. Kasoro moja tu: ndani ya kila mfuniko kiwanda kimesahau kuondoa kiduara cheupe cha mpira laini. Uzembe! Nimevibandua vyote kwa ncha ya kisu, kimoja kimoja, saa mbili nzima. Mke wangu akauliza kama nina hakika havina kazi. Nikamwambia aniachie mambo ya kitaalamu. Akavikusanya kwenye bakuli la bluu, akalipandisha juu ya kabati. Mwanamke huyu hatupi kitu.

Mama Duka ameniahidi rafu ya karibu na mlango. Sharti: Jumamosi atageuza chupa tano kichwa chini juu ya karatasi nyeupe, kwa saa moja. Likidondoka hata tone, sina rafu. Nimecheka. Mke wangu hakucheka. Amesema hili ndilo jaribio langu la mwisho la biashara (akakumbushia mishumaa, na wale kware). Nikishindwa, Jumatatu ijayo naanza kumbebea kaka yake mabomba. Kaka yake, yaani shemeji yangu, ni fundi bomba. Anapiga mluzi akiwa kazini. Afadhali nihame mji.

4 Machi, Jumanne

Nimetia chupa moja mfuko wa nyuma wa suruali nikampelekee kinyozi aonje. Mfuniko nilikuwa nimeukaza kwa nguvu zangu zote. Nusu ya njia nikahisi joto. Nikadhani ni jua.

Si jua!

Nimefika kwa kinyozi nikirukaruka. Akanionyesha kiti, nikakataa. Akauliza tangu lini mtu ananyolewa wima. Nimerudi mbio. Naandika haya nikiwa nimekaa ndani ya beseni la maji, na sina mpango wa kutoka.

5 Machi, Jumatano

Nimechemsha mifuniko minne ili ilegee, iikumbatie chupa vizuri. Imejikunja kama majani makavu. Nikajaribu gundi kwenye wa tano. Huo hauvuji hata kidogo! Ila haufunguki pia. Nimeiweka chupa ile dirishani, iwe pambo.

Shemeji amekuja kurekebisha bomba la jikoni, lililokuwa likidondosha maji. Akatoa ndani yake kiduara cha mpira kilichochakaa, akaweka kipya, maji yakakoma. Akanionyesha kile cha zamani kiganjani, akasema kila kinachokazwa kinahitaji kitu laini katikati. Akanitazama. Akaitazama mifuniko yangu. Akanitazama tena. Nikamwambia hapa tunaongelea mabomba, asichanganye mambo. Anadhani sioni anavyonipeleleza!

6 Machi, Alhamisi

Nimegundua! Tatizo si mfuniko, ni pumzi. Mtu akikaza huku anapumua, hewa inaingia, na ilikoingia hewa ndiko itakakotokea pilipili. Kwa hiyo: bana pumzi, zungusha kinyume robo, kisha kaza ghafla. Nimekaza yote thelathini na mitano iliyobaki. Kwenye wa kumi na tisa nikaona nyota.

Nikageuza chupa moja. Imevuja, lakini kwa heshima zaidi kuliko ile ya juzi. Maana yake njia ni sahihi, ni mapafu tu hayajakomaa. Nikajifuta jasho. Kwa mkono uleule wa pilipili. Jichoni.

7 Machi, Ijumaa

Mazoezi ya pumzi tangu asubuhi. Saa nane mchana jicho likanizidi, nikaenda kujilaza na kitambaa cha maji usoni. Nakiri hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma: naogopa. Nimejiona nikibeba mabomba nyuma ya mtu anayepiga mluzi, majirani wote wakichungulia madirishani. Kware walinivunjia heshima kiasi. Hili litaimaliza.

Nikasikia mluzi kweli. Nikainuka. Mke wangu na shemeji wako mezani na chupa zangu zote. Wakasema wanazifuta vumbi. Bakuli la bluu liko kwenye sinki, tupu. Hatimaye ule uchafu umetupwa! Wakati wa kuondoka shemeji akaniambia kesho nisisahau kubana pumzi. Hata yeye amenyoosha mikono.

8 Machi, Jumamosi

Mama Duka kageuza chupa tano. Mke wangu kulia, shemeji kushoto, mimi katikati nikibana pumzi kila nilipoweza. Mara mbili wamenishika nisianguke. Saa moja ikaisha. Mama Duka akainua chupa ya kwanza. Ya pili. Ya tano.

Nyeupe! Karatasi nyeupe pee!

Nimelia, na safari hii si pilipili. Mama Duka akasema mifuniko imekaza utadhani imeshikwa na mkono wa fundi. Nikamwambia fundi ndiye huyu anayemwona. Mke wangu akakohoa. Shemeji akatazama dari, akaanza mluzi wake. Njiani nikawaeleza wote wawili kanuni ya pumzi, hatua kwa hatua. Shemeji nimemwonea huruma, nikamwahidi kazi ya kunibebea chupa. Akanishukuru sana. Mke wangu alikuwa anatetemeka mabega, nadhani kwa fahari.

10 Machi, Jumatatu

Mama Duka anataka chupa mia! Mifuniko mipya imefika leo asubuhi. Nimefungua mfuko, na sikuamini macho yangu: kiwanda kilekile, uzembe uleule. Kila mfuniko una kiduara cheupe ndani.

Nimechukua kisu. Mke wangu amevuta kiti, ameketi kando yangu, bakuli la bluu mapajani. Nimemuuliza anangoja nini. Amesema niendelee tu.