Pikapu ya Marehemu na Harusi ya Medina

Oli, Arua. Jumatatu, tarehe 5 Agosti

Sharifah amepiga simu kutoka Koboko. Ni nyanya wa Nasuru, anayemuoa mjukuu wangu Medina Jumamosi hii. Hata hakusalimia vizuri. Amesema watatuma gari ya otomatiki kumchukua bibi harusi, maana pikapu ya marehemu mume wangu ni ya gia, na nani kwetu ataiendesha. Nikamwambia mimi. Akanyamaza. Nimefurahia sana kule kunyamaza. Baada ya simu kukatika nikakumbuka kwamba sijui kuendesha.

Medina, ambaye huniita Haboba, yaani bibi, alisikia yote. Akasema tu, Haboba, fanya unavyotaka, lakini nisichekwe siku ya kwanza kwa watu. Mtoto huyu nimemlea tangu hana meno.

Jumanne, tarehe 6

Kabiru, jirani yetu fundi wa magari, amenipeleka uwanjani. Kanyaga klachi, weka moja, achia polepole. Nikaachia. Gari ikaruka kama mbuzi aliyemwagiwa maji, Kabiru akagonga kichwa. Eti mguu wangu mzito. Nimemwambia mguu huu umecheza ngoma za harusi miaka arobaini na hakuna mutu alilalamika.

Tena anataka nisikilize injini, ikilia juu niweke mbili. Mimi mwimbaji, sikio ninalo. Injini ikapanda, na mimi nikaimba nayo, tukapanda pamoja vizuri kabisa. Mbili nikaisahau. Moshi.

Jumatano, tarehe 7

Nimegundua shida iko wapi. Kichwa cha gia ni kibaya: plastiki nyeusi imepasuka, na vinamba vimechorwa juu. Bibi harusi gani anakaa karibu na kitu kama hicho? Nimekifumia kofia ya uzi, nyekundu na manjano, pindo linaning'inia. Sharifah hajui kufuma. Vifuniko vyake vya chakula ananunua sokoni.

Kabiru akauliza sasa namba nitaziona wapi. Eti moja na ile ya kurudi nyuma zimekaa pua kwa pua, mama, toa hiyo kitu. Nimemwambia macho ya dereva yako barabarani. Naye akanyamaza. Wiki hii nanyamazisha watu wengi.

Alhamisi, tarehe 8

Leo nimeipata moja mara mbili katika majaribio tisa. Kwa hiyo mpango. Kabiru ataendesha mpaka Koboko, kwenye uwanja wa kinu cha kusaga unga karibu na geti la Sharifah. Hapo tunabadilishana. Mimi naingia na gia moja tu, hatua hamsini. Okuonzi mpiga picha atasimama getini, nimemwagiza mkono wangu uonekane juu ya gia. Anapiga kwa simu, lakini mkoba wa kamera unaning'inia shingoni, kwa hiyo watu wanampisha.

Medina ameniuliza kama nina hakika. Nimesema ndiyo. Sikumwangalia.

Ijumaa, tarehe 9

Nimeomba mvua kubwa, barabara ifungwe, lawama ziende juu. Nikaona aibu, nikaomba dua hiyo ifutwe. Jua limewaka kutwa. Sijui ilisikika ipi.

Jumamosi, tarehe 10

Mpaka kinu, safi. Kabiru akahamia nyuma, juu ya masanduku ya bibi harusi. Nikashika usukani. Medina pembeni yangu chini ya shela. Wanawake wakaanza vigelegele. Sharifah mbele yao, gauni la kijani, mikono kiunoni.

Nikakanyaga, nikashika kofia, nikasukuma, nikaachia. Gari ikarudi nyuma. Vigelegele vikakatika. Nikajaribu tena. Nyuma tena. Mara ya tatu nikasikia mutu anacheka, na Medina akasema kwa sauti ndogo, Haboba, ulisema una hakika.

Basi nikauzunguka uwanja wa kinu hivyo hivyo, mkia wa gari ukaelekea getini, nikaingia kwa Sharifah kinyumenyume, kichwa nje ya dirisha, nikiimba wimbo wa kuleta bibi harusi kwa sauti yangu yote. Viti vinne vilianguka. Pipa la maji pia. Sharifah alilowa mpaka magotini.

Kabla hajafungua mdomo nikatangaza kwamba kwetu bibi harusi wa heshima anaingia kwa mgongo, uso wake usionekane barabarani. Kabiru juu ya masanduku akaitikia, kweli kabisa. Kisha ajuza mmoja akasema hata yeye alisikia hivyo utotoni. Vigelegele vikarudi, na Sharifah akalazimika kupiga chake. Medina akashuka kwa mgongo, taratibu, ameshika mkono wangu. Alikuwa anatetemeka. Nikachungulia chini ya shela. Kicheko.

Jumatatu, tarehe 12

Okuonzi ameleta picha. Zote ni mkia wa pikapu. Mkono wangu hauonekani popote. Nimemwambia hajui kazi.

Sharifah amepiga simu, leo amesalimia mpaka kuku. Mjukuu wake wa kike anaolewa huku Arua mwezi ujao. Wanaomba nimlete mimi, kwa desturi ile ile, kuanzia mlangoni kwao. Nimekubali. Kabiru akasema muda upo, mama, tuanze na gia moja. Nikamuuliza ya nini. Nimeshaanza kofia nyingine, itafunika gia yote mpaka chini.

Akauliza, Koboko mpaka Arua, yote kinyumenyume? Nimemwambia barabara ni lami, na shingo yangu iko nzuri.