Kuku wa Klabu Asiye na Firigisi

Enos Wakoli,
Mtaa wa Jericho,
Nairobi.

Kwa Katibu,
Kamati ya Mapishi na Adabu,
Klabu ya Mlima Kivuli.

Ndugu Katibu,

Pokea salamu za heshima kutoka Jericho, ambako sote hatujambo isipokuwa kwa jambo moja, na jambo hilo ni lako. Mimi si mwanachama wenu. Jumamosi iliyopita nilikuwa mgeni wa mwanachama wenu, Mzee Kimanzi, ambaye mwanawe Mulwa anataka kumwoa binti yangu Nerima. Kimanzi alizaliwa hapa hapa Jericho na tumecheza mpira wa matambara pamoja, lakini siku hizi ana tai ya klabu, akasema tumalizie maneno ya wakwe mezani kwenu. Sikukataa. Nilinyoa ndevu, tukaja.

Kanisa limekwisha kutangaza ndoa hiyo mara mbili. Tangazo la tatu ni Jumapili hii, na mimi bado sijatoa neno langu. Sababu ni ninyi. Naorodhesha.

1. Viatu. Nilikuja na akala mpya, ndara za tairi kutoka Kariokor, zimekatwa kwa kipimo cha mguu wangu. Bawabu akasema kidole cha mguu hakiruhusiwi kuonekana klabuni. Ndugu Katibu, vidole hivi vimesimama katika kiwanda cha blanketi miaka thelathini na mmoja na havijawahi kumtukana mtu. Nikaazimwa viatu vyeusi vya klabu, namba kumi na moja, na mimi ni namba nane. Niliingia ukumbini nikiviburuta kama mtu anayepiga deki.

2. Kuketishwa. Mlimketisha Mama Nerima uso kwa uso na Mulwa. Kwetu mama mkwe hali chakula akitazamwa na mkwewe, hata mtoto wa darasa la pili analijua hilo. Mke wangu, ambaye ananizidi akili, akainua ile menyu yenu ya ngozi, kubwa kama Biblia ya madhabahuni, akajificha nyuma yake. Sasa mhudumu akiona menyu iko juu, anadhani mama bado anachagua. Anakuja, anainama, anauliza. Mama Nerima, kwa adabu, anagusa mstari wowote. Ndivyo alivyoletewa supu tatu, samaki wawili, jibini ya mbuzi, na kitu cha kijani ambacho mpaka leo hatujui kama kilikuwa cha kula au cha kupamba. Vyote alivimaliza, maana kwetu chakula cha wakwe hakirudishwi. Mkanda wa rinda lake ulikubali kufungwa Jumatatu.

3. Maombi. Nilisimama kubariki chakula, kwa ufupi tu, nikaanzia kwa Nuhu. Wazee watatu wa meza ya dirishani wakasimama pia, mikono ubavuni, nadhani walidhani ni shughuli ya serikali. Nilipofika kwa Mfalme Daudi, mmoja akaketi. Nalalamika juu ya huyo mmoja.

4. Kuku mwenyewe. Hapa ndipo penye kidonda. Katika ukoo wetu mgeni wa heshima huchinjiwa kuku, na firigisi, ile tunayoiita imondo, hupewa mzee. Baba wa binti akiila mbele ya wakwe, amekubali, na hakuna haja ya hotuba. Asipoila, hajakubali, hata kama amecheka nao kutwa nzima. Ninyi mkaniletea kidari kisicho na mfupa wala ngozi, kimelazwa juu ya karoti mbili kama mgonjwa. Kuku asiye na mfupa alikuwa akisimama kwa kitu gani? Nikageuza nyama, nikainua karoti, nikachungulia. Hamna.

Nikamweleza mhudumu wenu, Bwana Kilonzo, mtu mzima mwenye mvi na heshima zake. Akasema tangu aajiriwe hajaona firigisi katika ukumbi ule, akaenda jikoni kuniulizia.

5. Hesabu. Wakati nikingoja nilihesabu ukumbini sahani arobaini za kidari. Hao ni kuku ishirini, kila kuku sahani mbili, maana sitaki kuwapunja. Firigisi ishirini ziko wapi? Msiniambie kuku wa matajiri huzaliwa bila firigisi, mahindi wangeyasaga na nini? Basi kuna anayezila, na kama ni Kamati, ijue inachokula. Kila firigisi ni binti mmoja ameridhiwa. Mabinti ishirini kila Jumamosi! Kwa mwaka mmoja Kamati yako imeozesha mabinti zaidi ya elfu moja ambao haiwajui hata kwa sura, na mmoja wao, naogopa, ni wangu.

6. Ombi. Kamati iniletee firigisi moja Jericho, ibebwe kwa mikono miwili na mjumbe aliyevaa tai. Mpaka hapo nimemwomba mchungaji asisome tangazo la tatu. Mulwa hunipigia simu kila asubuhi, na sauti yake imeanza kukonda. Nerima anasema baba umezidi, harusi haiwezi kusimama kwa sababu ya kiungo cha kuku. Nimemwambia imesimama.

Nisalimie Kamati yote, bawabu, mpishi, na wale wazee wawili waliovumilia mpaka Amina. Mama Nerima anawasalimu pia, ila hatatamani kuona menyu kwa muda.

Ni mimi, mgeni wenu wa mara moja,
Enos Wakoli.

Baada ya kutia sahihi: Mama Nerima ameisoma barua hii na kusema siwezi kuipeleka posta wala kwenda kanisani nikiwa nimedanganya. Basi ukweli ni huu. Firigisi ililetwa. Bwana Kilonzo aliitoa kwenye chakula cha wafanyakazi, akaiweka mbele yangu. Wote walikuwa wakiitazama ile menyu ya Mama Nerima. Nikaifunga firigisi kwa kitambaa cha meza, nikaitia mfukoni. Nerima ndiye wa mwisho nyumbani, na ndiye anayenisomea gazeti tangu macho yangu yaanze kuingia ukungu. Niliona nikiila, ameenda.

Jana aliikuta kwenye friji. Aliipasha moto, akaniwekea na ugali, akaketi kando yangu akingoja. Nimekula nusu. Hiyo nusu nyingine nimemwomba anipe muda hadi Jumapili.