Waraka wa Vidonge vya Nywele

Mwaka 1999 wananchi wa Moshi walitangaziwa rasmi kwamba upara hauendani na soko huria. Wafadhili, ilifafanuliwa, hawawezi kuiamini ofisi ambayo vichwa vya wakubwa vinang'aa kuliko sakafu. Kwa hiyo viongozi wa Ofisi ya Uratibu wa Vihamba, yale mashamba ya migomba ya ukoo, wakaagiziwa vidonge vya kuotesha nywele, kimoja kila asubuhi, kwa maslahi ya taifa.

Bwana Ildefonce, Mratibu Mkuu, alimeza kizalendo. Mwezi wa tatu wa dozi nywele zikachungulia utosini, lakini moyo ukazama. Mtori ulimpolea mezani. Akiuona muhuri, analia.

"Ni hiyo dawa, mzee," daktari alimwambia. "Wanaume wengine inawatia huzuni. Iache."

"Na nywele?"

"Zitaanguka."

Akaomba wiki moja ya kutafakari.

Wiki hiyo alifungua kabati akakutana na faili la Salvina, mjane wa Old Moshi. Miaka saba alikuwa akimwambia limepotea, ili kihamba chake kiangukie mikononi mwa shemeji mtu, ajenge hoteli ya watalii. Aibu ikamkaba. Akasaini hati, akakata jani la isale, ambalo Mchagga akikuletea kuomba msamaha huwezi kumkatalia, akapanda mlima kwa miguu.

"Shikamoo, mama. Faili halikupotea. Nililificha mimi."

"Marahaba. Kwa isale nimekusamehe, baba. Hati niachie."

Ndipo akaacha vidonge. Baada ya wiki kadhaa furaha ilirudi, akawa anamaliza bakuli mbili za mtori, na akili za kiofisi zikarudi pia. Mungu wangu, nimefanya nini! Akamkimbilia Mkurugenzi, mkubwa wake, naye akatoa waraka siku hiyohiyo: uamuzi wowote uliosainiwa na kiongozi aliye kwenye dozi ni batili.

Waraka ukasomwa hadharani, Salvina akaamriwa arudishe hati. Mjane akasimama.

"Nauliza tu, Mkurugenzi. Huo waraka kasaini nani?"

"Mimi mwenyewe!"

"Na hizo nywele, baba? Pasaka si ulikuwa kipara?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Ildefonce, kwa afya njema aliyokuwa nayo, akajikuta anacheka kuliko wote.

Elisaria, karani wa kikao, akainua kalamu. "Mzee, kwenye muhtasari niandike waraka ni batili, au nywele ni za bandia?"

Mkurugenzi akazipapasa taratibu, nyeusi, laini, zimejaa.

"Andika batili," akasema.