Mafiga ya Volkano

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Gentrix ameondoka! Amerudi kwao Butali na sanduku lake na sufuria kubwa. Kisa ni mawe. Alijigonga kidole kwenye jiwe nililoweka kando ya kitanda, akasema nichague, yeye au mawe. Nikaomba siku mbili nifikirie. Kwani kufikiri ni kosa?

Hajui anaishi na mtaalamu. Nimetazama video arobaini na tatu za miamba ya volkano! Nani mwingine hapa Kakamega anaweza kukwambia kwamba basalti ni lava iliyopoa juu ya ardhi, nzito, nyeusi? Kwamba pamisi ni lile jiwe jepesi lenye matundu ambalo kina mama husugulia visigino, na ukilitia majini linaelea? Hakuna. Labda Willis, jirani yangu, mwalimu wa Jiografia. Lakini huyo amesomea tu.

Jumanne, 5 Agosti

Nyumba imenyamaza. Nimekula mkate mkavu. Nikalia kidogo, nakiri, nikiwa nimeshika obsidiani yangu, jiwe la volkano linalong'aa kama chupa. (Willis anasema ni chupa.)

Nimempigia baba mkwe, mzee Andati. Amesema nije Jumamosi tuzungumze. Mikono mitupu haifai. Sukari? Butali kuna kiwanda kizima cha sukari! Wazo likanijia nikipiga mswaki. Mama mkwe bado anapika kwa kuni. Nimpelekee mafiga matatu ya basalti! Jiwe lililozaliwa motoni litaogopa moto wa ugali? Nitarudi na mke wangu.

Jumatano, 6 Agosti

Basalti iko Mlima Elgon. Mbali. Mto Isiukhu uko hapa. Nimeopoa mawe matatu mazuri, ya mviringo. Ni ya kijivu, lakini hata wewe ukikaa majini miaka hiyo yote utapauka.

Willis akachungulia juu ya ua. Akasema eti jiwe la mtoni limekunywa maji. Ukiliwashia moto, maji yanageuka mvuke na jiwe linapasuka. Eti niyaanike miezi kadhaa. Eti hata si basalti. Wivu! Mtu ana cheti ukutani na hana jiwe hata moja nyumbani. Kumkomoa tu, nimeyatia kwenye karai la maji, palepale mbele yake.

Jumamosi, 9 Agosti

Asubuhi niliyapaka mawe rangi nyeusi ya viatu, kuyakumbusha asili yao. Nikayabeba kwa gunia hadi Butali. Mgongo umekwisha. Gentrix alinisalimu akiangalia pembeni, lakini aliponiona nimepinda na gunia, alitabasamu. Alitabasamu!

Mzee alifurahi kupata mkwe anayefikiria jiko. Mama mkwe, Mama Muhonja, alinisalimu kutoka mbali, nami nikatazama chini. Ndivyo inavyotakiwa kwetu. Mkwe wa kiume hamkaribii mama mkwe, na jikoni mwake hakanyagi kabisa. Mama akayapanga mafiga, akainjika sufuria ya ingokho, kuku wetu wa kienyeji. Mimi na mzee tukawa sebuleni, namweleza lava. Katikati ya lava mzee akamwambia Gentrix akafunge sanduku, tukishakula tuondoke pamoja. Nusura nimkumbatie mzee wa watu!

Paa! Kisha paa nyingine! Sufuria ikaruka, mchuzi ukutani, ingokho kwenye jivu, mayowe! Nikachomoka mbio hadi jikoni. Ndiyo, ndani ya jikoni! Mama mkwe alikuwa ameanguka, kitambaa kimemtoka kichwani, amejifunika uso kwa ungo kwa aibu ya kuonwa na mimi. Mtu mwingine angeomba radhi na kutoka kinyumenyume. Mimi nikaona kipande cha jiwe. Nikachuchumaa. Ndani kilijaa chembe zinazometa! Nikapaza sauti kuwaambia wote: Graniti! Hii haikutoka nje ya volkano hata siku moja, ilipoa hukohuko chini!

Gentrix alikuwa mlangoni na sanduku. Akaliweka chini.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani sikwenda. Mzee amepiga simu. Mama hakuungua, lakini amejifungia chumbani tangu jana kwa sababu mkwe amemwona kichwa wazi. Nikaomba kuongea na Gentrix. Amekataa. Imeniuma sana, sitaki kudanganya.

Willis ameniletea obusuma, ugali wetu, na mboga. Hakusema hata mara moja kwamba alinionya. Hiyo dharau sitaisahau.

Jumanne, 12 Agosti

Gentrix amepiga mwenyewe! Amesema anaikumbuka nyumba, maana yake ni mimi. Amesema mama yake hataki faini ya kuku wala ya shuka. Anataka neno moja tu, samahani, nilipitishe kwa mzee. Nikilisema leo, kesho yeye anarudi. Neno moja!

Nimeketi papo hapo nikaandika. Kurasa sita, pamoja na michoro. Nimeeleza tofauti ya graniti na basalti, nimechora volkano na mshale unaoonyesha jiwe letu lilipokwama. Nimeeleza pia, kwa heshima zote, kwamba kosa kubwa lilikuwa la Mama, aliyetumia kuni kavu mno. Samahani imekosa nafasi, michoro ilichukua ukurasa wote wa mwisho.

Simwachii mzee barua nzito kama hii. Kesho naipeleka mwenyewe, niingie jikoni nimsomee Mama ana kwa ana.